Sinema si Mimbari

Jicho ni mlango mpana kuliko sikio. Neno likisemwa, msikilizaji hupata nafasi ya kulipima kabla hajalikubali. Lakini picha ipitayo mbele ya macho huingia moyoni kwanza, na akili huitwa baadaye ije kuuliza mgeni huyu katoka wapi. Kwa sababu hiyo mtu ashikaye picha ameshika chombo chenye nguvu, na kila mwenye chombo chenye nguvu hana budi kuulizwa anakitumia kwa namna gani.

Nataka tuulize swali hilo pamoja, msomaji kijana, juu ya desturi moja inayopendwa siku hizi na walimu wa dini katika nchi nyingi, na ambayo pwani yetu ya Kilifi na Malindi haikusalimika nayo. Desturi yenyewe ni ya kuchukua filamu ya kidunia, yaani filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya burudani, au sanaa, au biashara, na kuifanya somo la imani ya Kikristo. Vijana hukusanywa. Taa huzimwa. Filamu huonyeshwa, au kipande chake tu, kile kitakiwacho. Kisha taa huwashwa, na mwalimu husimama akafasiri: shujaa huyu ni Kristo, adui yule ni Shetani, mto ule ni ubatizo, na safari ile ni wokovu. Vijana huitikia, sala husomwa, na kila mtu hurudi kwao akiamini kwamba somo limefundishwa.

Mimi nasema kwamba halikufundishwa. Nasema kuwa desturi hii, kama ifanywavyo aghalabu, hudhulumu watu wawili na jambo moja: humdhulumu aliyeitunga filamu, humdhulumu mwanafunzi, na huidhulumu imani yenyewe ambayo mwalimu alikusudia kuitumikia. Sisemi kwamba filamu za kidunia hazina nafasi katika somo la dini. Zina nafasi, tena kubwa. Lakini nafasi hiyo si ya mhubiri. Ni nafasi ya shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Hawekewi maneno kinywani.

Habari ya picha na mahubiri si ngeni katika Afrika. Mwezi wa Januari 1854, David Livingstone alikuwa katika mji wa mtawala aitwaye Shinte, katika nchi ya Walunda. Alikuwa na taa ya picha, yaani kisanduku kilichotupa mwanga kupita katika vioo vilivyochorwa. Picha ya kwanza aliyoionyesha ilikuwa ya Ibrahimu, kisu mkononi, yu tayari kumchinja Isaka. Wanawake waliokuwapo walisikiliza kwa utulivu habari ile ikielezwa. Lakini Livingstone alipokisogeza kioo ili akiondoe, kile kisu kilionekana kana kwamba kinawajia wao. Wakapiga kelele za kuwaita mama zao, wakatimua mbio wakiangukiana, na hapana hata mmoja aliyekubali kurudi. Shinte peke yake alikaa imara hadi picha zote zikaisha. Na zilipokwisha, akakikagua kile chombo kwa makini.

Likumbuke jina la Shinte, maana nitakuomba ufanane naye. Waliokimbia hawakuwa wajinga; walishindwa na nguvu ya picha, kama sisi sote tushindwavyo kila siku. Yeye hakukimbia wala hakuanguka kifudifudi. Alitazama hadi mwisho, kisha akauliza kitu hiki kimeundwaje. Hapo ndipo ulipo mwanzo wa elimu yote ya sinema.

Miaka 81 baadaye, Baraza la Kimataifa la Misheni lilisimamia jaribio kubwa la sinema katika Afrika Mashariki, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika kituo cha Vugiri, milimani Usambara, zilitengenezwa filamu 35. Zikachukuliwa kwa gari kuonyeshwa katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Hazikuwa filamu za Biblia. Zilifundisha habari za safura, za mbegu bora, za kodi, na za kuweka akiba katika benki ya posta. Watu wa misheni waliona mapema kwamba sinema yaweza kumbadili mtu bila ya kumtajia aya hata moja. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, serikali ya Uingereza iliendeleza kazi ya namna hiyo kwa kitengo chake cha filamu za makoloni, na wakuu wa kazi ile walishika imani moja ya dharau: kwamba Mwafrika hawezi kuielewa sinema ila iwe nyepesi, iende polepole, na pawepo mtu wa kumweleza kila anachokiona.

Itazame dharau hiyo vizuri, msomaji, kwa kuwa haijafa. Mwalimu wa dini asimamaye mwisho wa filamu akaeleza maana yake yote, pasipo kumwacha mwanafunzi aseme hata neno, anaishika imani ile ile ya zamani bila ya kujua. Yeye humwona kijana wa Malindi wa leo kama mtu mwenye macho ya kuona lakini asiye na akili ya kuelewa alichokiona.

Walakini haifai kumpiga mpinzani kabla ya kumsikiliza. Watetezi wa desturi hii wanazo hoja, na hoja zao si dhaifu. Wao husema kwamba Yesu mwenyewe alifundisha kwa hadithi za dunia: mpanzi na mbegu, mwanamke na chachu, mchungaji na kondoo, na katika sura ya 16 ya Injili ya Luka, hata msimamizi mdanganyifu aliyechezea hesabu za bwana wake alifanywa mfano. Husema kwamba Paulo, aliposimama mbele ya wenye elimu wa Athene, kama isimuliwavyo katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, hakusita kuyataja maneno ya washairi wa Kiyunani ambao hawakuwa Wakristo wala Wayahudi.

Hata hapa kwetu wana shahidi wao. William Ernest Taylor alikuwa mmisheni wa Church Missionary Society katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 19. Hakudhani kwamba hekima ya watu aliowajia ni takataka. Mwaka 1891 alichapisha kitabu cha methali za Waswahili, na mwaka uo huo akachapisha msamiati wa Kigiryama pamoja na hekima za Wagiryama wenyewe. Ni yeye pia aliyefanya kazi kubwa ya kuhifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, mashairi yahusuyo siasa, mapenzi, biashara na vita. Basi, husema watetezi, kama mmisheni aliweza kujifunza kwa Muyaka, kwa nini mwalimu wa leo asifundishe kwa sinema?

Mwisho huitaja Roma. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zilizostahili kuangaliwa. Orodha ile iligawanywa mafungu matatu: filamu za dini, filamu za maadili, na filamu za sanaa. Filamu 30 kati ya hizo, yaani theluthi mbili, hazikuwekwa katika fungu la dini. Je, Kanisa likizisifu filamu za kidunia, mwalimu atalaumiwaje kwa kuzitumia?

Hoja hizi nazikubali zote, kisha nasema kwamba kila moja hushuhudia upande wangu. Yesu alitunga mifano yake mwenyewe kwa kusudi lake mwenyewe. Hakuchukua hadithi ya mtu mwingine akaibandika maana isiyokuwamo. Tena mara nyingi aliisema akaiacha hapo, wasikilizaji wakaenda zao wakiitafuna, na wanafunzi wake walipotaka ufafanuzi iliwapasa waulize faraghani. Paulo aliwataja washairi wale wa Kiyunani kuwa ni washairi wa Wayunani wenyewe. Hakusema kwamba mshairi yule alikuwa Mkristo wa siri. Taylor aliandika methali kama Waswahili walivyozisema, na hakumgeuza Muyaka kuwa mhubiri. Na Vatikani haikuziita filamu zile kuwa ni mahubiri. Kuzigawa mafungu matatu kulikuwa ni kukiri kwamba filamu njema yaweza kuwa njema kwa sababu ya sanaa yake au utu wake, bila ya kuvikwa joho la kanisa. Wote hawa walimpa mwenye maneno haki ya maneno yake, na haki hiyo ndiyo inyimwayo watunzi wa filamu na walimu wetu.

Tuangalie mifano. Filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994 yapendwa mno na walimu wa dini, na kwetu ina utamu zaidi kwa kuwa Simba na Rafiki wameazima majina yao katika lugha yetu. Simba hukimbia kwao, huishi ugenini maisha ya anasa, kisha hurudi nyumbani. Mwalimu hufurahi: huyu hapa mwana mpotevu wa Luka 15! Lakini fikiri kidogo. Mwana mpotevu alikuwa na hatia. Alichukua urithi wake na kuutapanya kwa hiari yake. Simba hakuwa na hatia. Alidanganywa na baba yake mdogo aamini kuwa ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Mwana mpotevu alirudi kuomba apokewe kama mtumishi. Simba alirudi kudai kiti cha enzi, akakipata kwa vita. Mwana mpotevu alikutana na baba aliyekuwa hai akimngojea njiani. Baba wa Simba alikuwa amekufa. Hadithi ya kwanza ni ya msamaha usiostahiliwa. Ya pili ni ya haki iliyoporwa na kurudishwa. Zote mbili ni nzuri, lakini kuzifanya moja ni kuziua zote mbili. Kijana aliyefundishwa hivyo ataondoka akidhani kwamba kutubu ni kugundua kuwa hukukosa. Je, kuna fundisho lililo mbali na Injili kuliko hilo?

Tuchukue mfano wa pili, wa nchini mwetu. Mwaka 2018 mwongozaji wa Kenya, Likarion Wainaina, alitoa filamu iitwayo Supa Modo. Ni habari ya msichana mdogo, Jo, mwenye ugonjwa usiopona, ambaye hupenda sana filamu za mashujaa. Dada yake humfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima hushirikiana kuitimiza ndoto yake. Mwalimu mwenye haraka ataikamata filamu hii na kusema: tazameni imani ihamishayo milima! Masikini mwalimu huyu hajui anachokisema. Nguvu za Jo hazikuwa za kweli; zilikuwa igizo la watu waliompenda, na ugonjwa wake haukuondoka. Mwanafunzi mwerevu atamwuliza: je, mwalimu, unatuambia kwamba imani ni igizo la kijiji kwa ajili ya kumliwaza afaye? Na mwalimu hatakuwa na jibu, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyeulinganisha uponyaji wa imani na mchezo wa mapenzi. Filamu ile ina swali lake zito: tumwambie nini mtoto anayekufa, na je, uongo wa upendo ni uongo? Swali hilo lingetosha kwa somo la mwezi mzima. Lakini hufukuzwa mlangoni ili jibu lililotayarishwa lipate kuingia.

Dhuluma ya pili ni ya hila, nayo yatuhusu hasa sisi wa pwani hii. Katika darasa moja la Malindi huenda wakakaa pamoja Mkristo, Mwislamu, na mtoto wa nyumba ifuatayo bado dini ya wazee wa Kimijikenda, ambao misitu yao ya kaya ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika ibara ya 8 kwamba nchi haina dini ya serikali, na katika ibara ya 32 kwamba kila mtu ana uhuru wa dhamiri na dini. Sasa tangazo linatolewa: leo jioni kuna sinema. Nani asiyependa sinema? Wote huja. Filamu huisha, milango bado imefungwa, na mahubiri huanza.

Mvuvi wa Watamu au wa Takaungu akitia chambo kwenye ndoana, hapana amlaumuye. Samaki si ndugu yake, na kusudi lake ni kumla. Lakini mwalimu na mwanafunzi si mvuvi na samaki. Mtu akinialika karamuni, kisha nikiwa katikati ya kula akaniambia kwamba kila tonge nililomeza ni kiapo, amenikosea heshima hata kama kiapo chenyewe ni chema. Ikiwa Injili ni habari njema, isemwe mchana kweupe kwa jina lake. Jambo la haki halihitaji kujificha nyuma ya sinema, na jambo lijifichalo hutiliwa shaka hata kama ni la haki. Mwambie Mwislamu na Mkristo mapema: leo tutatazama filamu, na baada yake tutaizungumza kwa mujibu wa mafundisho ya Kikristo, atakaye na aje, asiyetaka aende zake kwa amani. Atakayekuja baada ya hapo amekuja kwa miguu yake.

Dhuluma ya tatu ni kubwa kuliko zote. Sinema hufanya kazi yake kwa hisia. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ya vyombo vya baharini yafaa kuandikwa juu ya kila kioo cha sinema. Machozi yako yalipotoka, palikuwa na mtu aliyechagua muziki wa kuyaita. Ulipomwona shujaa mkubwa kama mnara, palikuwa na mtu aliyeiweka kamera chini ya magoti yake. Ulipomchukia adui kabla hajatenda lolote, palikuwa na mtu aliyeutia uso wake kivulini. Hakuna ubaya katika ufundi huo. Ndio sanaa yenyewe. Ubaya hutokea pale mtu anapoyachukua machozi yaliyoitwa na muziki akayaita sauti ya Mungu. Kijana hulia kwa sababu ya filamu, mwalimu humwambia kwamba amelia kwa sababu ya Roho, na tangu siku hiyo kijana hujifunza kwamba hisia kali ndiyo alama ya ukweli.

Nani ajuaye vizuri kuliko watu wa Kilifi mafundisho hayo huweza kumpeleka mtu wapi? Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, magharibi ya Malindi, yaligunduliwa makaburi ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Hukumu ya kila mshtakiwa ni kazi ya mahakama, wala mimi si hakimu. Tena sisemi kwamba sinema ndiyo iliyoua. Lakini mahubiri yaliyowavuta watu kutoka sehemu nyingi za Kenya yalikuwa yamerekodiwa na kutazamwa katika televisheni na intaneti. Na watu waliojinyima chakula hawakukosa hisia, wala hawakukosa imani. Walikosa kitu kimoja: desturi ya kumwuliza mwalimu swali na kungoja jibu. Shule imfundishayo kijana kupokea picha na maana yake kwa pamoja, kama mtu apokeaye uji na kijiko, humzoeza desturi ile ile iliyowazika watu Shakahola. Mwalimu atasema kwamba yeye ni mtu mwema na fundisho lake ni jema. Naam, na iwe hivyo. Lakini mazoea hayajui mwalimu mwema na mwalimu mbaya. Shingo iliyozoeshwa kuinamia mmoja huinamia wote.

Hapa huinuka mtu wa upande mwingine, afurahiye kunisikia, akasema: basi sinema na zipigwe marufuku katika somo la dini, kwa kuwa ni za dunia! Huyu naye hatumfuati. Kijana wa leo hutazama filamu katika simu yake akiwa nyumbani, huzitazama katika vibanda vya video, ambako filamu za ng'ambo huonyeshwa zikiwa na sauti ya mfasiri kama DJ Afro, anayezisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani na mzaha mwingi. Mtazamaji wa DJ Afro hajui kitu kimoja tu. Anajua vitu viwili: anajua kuwa kuna filamu, na anajua kuwa kuna msimulizi anayeichezea. Hadanganyiki. Mfasiri yule ni mwaminifu kuliko mwalimu atiaye maneno yake katika filamu na kuapa kwamba yalikuwamo. Ukipiga marufuku sinema darasani, hukuiondoa katika maisha ya kijana. Umeondoa tu mahali pekee ambapo angeweza kufundishwa kuitazama kwa akili.

Ni nini basi kifanywe? Nitaeleza kwa mfano wa filamu moja ambayo nadhani ingefaa sana katika mji wa Malindi, ambao Waitalia wengi wameufanya makao. Mwaka 1948 Vittorio De Sica wa Italia alitoa filamu iitwayo Ladri di biciclette, maana yake wezi wa baiskeli. Antonio ni mtu masikini wa Roma baada ya vita. Apata kazi ya kubandika matangazo, kwa sharti la kuwa na baiskeli. Mkewe aweka rehani mashuka ya nyumba ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli yaibwa. Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, waitafuta mji mzima wasiipate. Mwisho, kwa kukata tamaa, Antonio aiba baiskeli ya mtu mwingine, akamatwa, na watu wamtukana mbele ya macho ya mtoto wake. Mwenye baiskeli amtazama mtoto, kisha asamehe.

Kila dereva wa bodaboda wa Kilifi aielewa hadithi hii bila ya mkalimani. Na yamo mambo mawili ambayo mwalimu mwoga angeyakata. La kwanza ni kwamba Antonio, aliyemcheka mkewe kwa kumwendea mwanamke mpiga ramli, humwendea yeye mwenyewe baada ya dhiki kumzidi. La pili ni kwamba kanisa halionekani kwa sura nzuri: masikini huhudhuria misa ili wapate supu, na wasimamizi wao ni watu wenye nafasi, wasiojua habari za dhiki. Hata hivyo filamu hii imo katika ile orodha ya Vatikani ya mwaka 1995, katika fungu la maadili. Wakubwa wa Kanisa hawakuogopa kuonyeshwa supu na misa. Kwa nini mwalimu wa darasa aogope?

Mwalimu mwema ataionyesha yote. Hatasema kwamba Bruno ni malaika wala kwamba baiskeli ni neema. Atauliza: amri ya kutoiba yamwambia nini mtu ambaye ameibiwa mkate wa watoto wake? Yule aliyemsamehe Antonio, alitenda haki au alivunja sheria? Kwa nini mtu mwenye akili zake humkimbilia mpiga ramli, au mhubiri yeyote amwahidiye muujiza, siku dhiki inapozidi? Kanisa letu nalo, je, huwafungia masikini mlango hadi wasali? Kisha atanyamaza. Mwislamu atajibu kwa dini yake, Mkristo kwa yake, na asiye na dini kwa utu wake. Na baada ya wote kusema, mwalimu atasema Injili inafundisha nini, akiitaja kwa jina, nao watapima. Hilo ndilo somo la imani kwa njia ya filamu ya kidunia. Lile lingine ni mazingaombwe.

Kwa ufupi, masharti ni manne. Kusudi litangazwe kabla taa hazijazimwa. Filamu itazamwe nzima, nayo iwe imepewa daraja lifaalo umri wa watazamaji na bodi ya taifa ya uainishaji wa filamu. Swali litangulie jibu. Na mwanafunzi awe na ruhusa ya kukataa maana aliyopewa, pasipo kuitwa mkaidi wala mpotovu. Mwalimu atakayeona masharti haya kuwa mazito na ajiulize ni lipi kati yake analoliogopa, na kwa nini.

Sasa nageukia kwako wewe, msomaji, kwa kuwa walimu wanaweza wasinisikie, na wewe ndiwe utakayeketi gizani mbele ya kioo. Siku utakapoambiwa kwamba shujaa huyu ni Kristo, inua mkono. Uliza kwa adabu, kama inavyompasa mtoto aliyelelewa vema: mwalimu, ni wapi katika filamu hii jambo hilo limo? Ni kipande gani ambacho hukutuonyesha? Aliyeitunga alisema nini? Ukijibiwa vizuri, shukuru na ukubali. Ukikemewa, nyamaza, lakini usilitupe swali lako. Litunze, litakufaa siku nyingine mbele ya mtu mwenye sauti kubwa zaidi. Imani ya kweli haikuumbiwa giza la sinema, na swali la mtoto haliwezi kuivunja. Wewe tazama hadi mwisho kama Shinte, bila ya kukimbia na bila ya kuanguka kifudifudi; na taa zitakapowashwa, simama ukakague chombo.